Daftari la mtaa lililo winguni: huduma za programu zinajuana vipi?

Jumatatu ya tarehe 20 Oktoba 2025, saa tatu na dakika 48 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, hifadhidata ya Amazon iitwayo DynamoDB iliacha kupatikana katika kanda yake (yaani kundi la majengo ya kompyuta zake) ya Virginia, Marekani. Haukupita muda, Snapchat ikagoma, Signal ikagoma, Duolingo ikagoma. Kwenye makundi ya WhatsApp kila mtu akawa mtaalamu: Amazon wamedukuliwa, data zimefutika, mkongo wa baharini umekatika.

Hakuna lililokuwa kweli. Kompyuta zilikuwa zinawaka na data zilikuwa mahali pake. Kilichopotea ni anwani. Mitambo miwili inayojiendesha, yenye kazi ya kuandika anwani za DynamoDB kwenye daftari la majina, ilipishana vibaya. Mmoja ulichelewa, ukaandika orodha ya zamani juu ya mpya. Mwingine ukapita kusafisha yaliyopitwa na wakati, ukaikuta orodha hiyo, ukaifuta. Ukurasa ukabaki mtupu. Aliyeuliza "DynamoDB yuko wapi?" akawa kama amebisha hodi kwenye kiwanja kisicho na nyumba. Ilibidi binadamu waingie wenyewe kuandika upya, na ilipofika saa sita na dakika 40 mchana ndipo DynamoDB ikapatikana tena.

Tangu hapo nimeulizwa maswali mawili. La kwanza ni la watu wa kawaida: inakuwaje kampuni yenye kompyuta zisizohesabika iangushwe na daftari? La pili ni la vijana wanaoanza kazi ya programu: hiyo injini inayosimamiwa inayouzwa na kampuni za wingu, yenye rejista ya huduma na kituo cha mipangilio, ni kitu gani, na mtu anaiwekaje? Nitayajibu kwa pamoja, kwa sababu ni swali moja lililovaa kanzu mbili.

Duka la Mangi na soko la Kariakoo

Programu za zamani zilijengwa kama duka la Mangi. Mangi yuleyule anapima sukari, anapokea pesa, anaandika madeni, jioni anafunga hesabu. Ni utaratibu mzuri, na kwa programu nyingi bado ndio unaofaa. Shida ni kwamba Mangi akiugua, hakuna sukari wala hesabu.

Netflix walionja hali hiyo Agosti 2008. Hifadhidata yao kuu iliharibika, na kwa siku tatu wakashindwa kuwatumia wateja DVD zao, maana siku hizo bado walikuwa wanatuma kwa posta. Wakaanza kuhamia kwenye wingu la Amazon huku wakiivunja programu yao vipande, safari iliyowafikisha Januari 2016. Vipande vya namna hiyo ndivyo tunaviita huduma ndogondogo, au maikrosavisi. Kimoja kinashughulika na wateja kuingia, kingine na oda, kingine na malipo, kingine na kutuma ujumbe wa simu. Kila kimoja ni programu kamili inayowaka peke yake, na vinapohitajiana vinapigiana kupitia mtandao. Hapo umetoka kwa Mangi, umeingia Kariakoo: muuza vitenge ni mwingine, fundi cherehani mwingine, mbeba mzigo mwingine.

Na neno wingu, kwa atakayeuliza, ni kompyuta za mtu mwingine unazopanga kwa saa au kwa mwezi, kama chumba.

Sasa, Kariakoo ina tatizo ambalo Mangi hana. Huduma ya oda ikitaka kuzungumza na huduma ya malipo, itaikuta wapi? Kwenye wingu hakuna mwenye makazi ya kudumu. Mwisho wa mwezi mishahara ikitoka, huduma ya malipo inaweza kuwashwa nakala kumi zinazosaidiana, na usiku wa manane zikabaki mbili. Kila nakala inapowaka hupewa anwani mpya. Ukiiandika anwani ndani ya msimbo wa programu, ni sawa na kumwelekeza mgeni kwa mpangaji anayehama kila wiki.

Mtendaji, daftari na mgambo

Mitaa yetu ililitatua jambo hili kitambo. Ukihamia mtaani unatakiwa kujitambulisha ofisi ya serikali ya mtaa, jina lako likaandikwa kwenye daftari la wakazi. Anayekutafuta anakwenda kwa mtendaji, sio kugonga mlango hadi mlango.

Rejista ya huduma ni daftari hilo. Nakala ya malipo inapowaka, jambo la kwanza inajiandikisha: mimi ni malipo, naishi anwani hii, mlango namba hii. Huduma ya oda inauliza, "Nipe wote wanaoitwa malipo," inapewa orodha, inachagua mmoja na kwenda kwake moja kwa moja.

Neno "moja kwa moja" lishike vizuri, kwa maana hapa pana dhana potofu ya kwanza. Wengi hudhani mizigo yote hupita ndani ya rejista. Hapana. Mtendaji anakuelekeza tu nyumba, hakubebi mgongoni. Pesa ya mteja wako haipiti kwenye daftari.

Kituo cha mipangilio nacho ni kitu cha pili, ingawa mara nyingi huuzwa katika mfuko mmoja na rejista. Mipangilio ni yale maamuzi madogo ambayo programu inayahitaji ila hayafai kuchongwa ndani yake: kiwango cha juu cha muamala mmoja, sekunde za kusubiri kabla ya kukata tamaa, kama ofa ya sikukuu imewashwa au imezimwa. Bila kituo, maamuzi haya hukaa kwenye mafaili yaliyotawanyika, na kubadilisha namba moja maana yake ni kuzunguka kompyuta ishirini ukizizima na kuziwasha. Ukiwa na kituo, unaandika mahali pamoja na huduma zote zinaarifiwa. Wahenga walisema la mgambo likilia kuna jambo. Kituo cha mipangilio ni mgambo na mbao za matangazo kwa pamoja.

Lakini kusikia mbiu si kutii. Programu nyingi husoma mipangilio mara moja tu, pale zinapowaka. Kituo kitapeleka namba mpya kwa uaminifu, na programu itaipokea na kuiacha mezani, kwa sababu aliyeiandika hakuifundisha kuisoma tena. Nimeona timu ikilaumu kituo siku nzima kumbe tatizo lilikuwa hapo.

Aliyekufa bila kuaga

Daftari la wakazi lina ugonjwa mmoja tunaoujua sote: watu huandikwa wakihamia, hawafutwi wakiondoka. Kwenye mtaa hasara yake ni ndogo. Kwenye programu ni kubwa, kwani oda itaendelea kutumwa kwa nakala iliyokwisha kufa, na mteja atabaki anaangalia kiduara kikizunguka kwenye simu.

Dawa yake ni mapigo ya moyo. Kila nakala inatakiwa kuripoti mara kwa mara: nipo, nipo, nipo. Nitatumia mfano wa Nacos, programu iliyozaliwa kwenye biashara ya mtandaoni ya Alibaba huko China na kuachiwa huru kwa umma Julai 2018. Ni rejista na kituo cha mipangilio ndani ya programu moja. Katika toleo lake la kwanza, pigo hutumwa kila sekunde 5. Zikipita sekunde 15 za ukimya, nakala inawekewa alama ya ugonjwa. Zikifika 30, jina linafutwa. Eureka, rejista ambayo Netflix waliiachia umma mwaka 2012, ni mvumilivu zaidi: pigo kila sekunde 30, kufutwa baada ya 90. Toleo la pili la Nacos likaacha mtindo wa kugonga mlango likaamua kushikana mikono: nakala na rejista hubaki zimeunganishwa kwa njia moja iliyo wazi muda wote, na mkono ukiachia, rejista inajua hapohapo.

Sekunde 30 unaweza kuziona chache. Zihesabu ukiwa dirishani unasubiri malipo yapite na foleni iko nyuma yako.

Tufikirie jambo baya zaidi. Mapigo yote yakikoma kwa pamoja, ina maana wakazi wote wamekufa? Au barabara ya kwenda ofisi ya mtaa ndiyo imekatika? Daftari jinga litafuta kila jina, kisha litamjibu kila anayeuliza, "Hakuna mtu." Ukurasa mtupu. Ndiyo sababu Eureka ina tabia ya kujihami: mapigo yanayofika yakishuka chini ya asilimia 85 ya yaliyotarajiwa, inaacha kufuta majina, ikiamini kwamba ugonjwa uko kwenye njia na sio kwa wakazi. Nacos nayo ina kinga upande wa huduma inayouliza: ukiiwasha, orodha tupu ikija ghafla, huduma inaikataa na kuendelea na orodha ya mwisho iliyokuwa nayo. Kinga hii huja ikiwa imezimwa. Katika yote nitakayosema leo, kama utachukua moja, iwashe hiyo.

Tabia hiyo ya kuweka orodha kibindoni ndiyo inayojibu dhana ya pili, kwamba rejista ikianguka kila kitu kinazima papo hapo. Huduma zilizokwisha kufahamiana zinaendelea kuzungumza. Wanaokwama ni wageni: nakala mpya haziwezi kujiandikisha, na zilizozimwa kwa bahati mbaya haziwezi kurudi. Mfumo unadhoofika taratibu, kama mtaa ambao mtendaji amesafiri na mhuri.

Jangwani ikifurika

Daftari moja kwenye kabati moja ni hatari, kwa hiyo linanakiliwa. Sema tuna nakala tatu za daftari letu: moja Magomeni, moja Kariakoo, moja Temeke. Kila jina jipya likiandikwa upande mmoja, wengine wanapelekewa. Mambo yanakwenda vizuri mpaka masika inafika na maji yanafunga barabara pale Jangwani. Magomeni imetengwa. Kariakoo na Temeke bado zinaonana.

Mtu anafika ofisi ya Magomeni anauliza, "Malipo anaishi wapi?" Mtendaji ana njia mbili tu. Anaweza kumjibu kwa daftari alilo nalo, akijua huenda limepitwa na wakati. Au anaweza kusema, "Sijibu mpaka nipate uhakika kutoka kwa wenzangu." Hakuna njia ya tatu. Mwanasayansi wa kompyuta Eric Brewer alilisema hilo mwaka 2000, na miaka miwili baadaye likathibitishwa kihisabati: mawasiliano yakikatika, mfumo unachagua kati ya kujibu daima na kujibu kwa usahihi daima.

Kwa rejista ya huduma, mimi niko upande wa wanaojibu. Anwani iliyopitwa na wakati ina tiba: ukigonga usifunguliwe, unajaribu inayofuata kwenye orodha. Ukimya hauna tiba. Nacos, kwa majina ya muda, yaani yale yanayofutwa mapigo yakikoma, ambayo ndiyo mengi, imechagua hivyohivyo. Kwa majina ya kudumu, yasiyofutwa hata nakala ikinyamaza, hutumia utaratibu wa kura, ambapo jambo halihesabiwi kuwa limeandikwa mpaka wengi wakubali. Wengi katika watatu ni wawili, ndio maana Kariakoo na Temeke zingeendelea na Magomeni ingesubiri maji yapungue. Hapo pia unapata jibu la swali linalosumbua wanunuzi: kwa nini tunauziwa seva tatu na sio mbili? Wawili wakitofautiana hakuna wa kuamua.

Mbiu mbaya inasikika haraka kuliko nzuri

"Ni mipangilio tu, sio msimbo." Sentensi hii imewagharimu watu wengi usingizi. Msimbo mpya kwa kawaida hupimwa, hukaguliwa na mwenzako, hupelekwa kwa awamu. Mipangilio hubadilishwa na mtu mmoja, jioni, kwa kubonyeza kitufe.

Tarehe 12 Juni 2025 wingu la Google liliyumba duniani kote. Sera mpya ya matumizi iliingizwa ikiwa na sehemu zilizoachwa wazi. Kwa kuwa taarifa za aina hiyo zilikuwa zikisambazwa dunia nzima ndani ya sekunde chache, kila kanda iliipokea, na programu ya kukagua ruhusa, iliyokuwa na kasoro ya kutojua la kufanya ikikuta pengo, ikaanguka kila mahali kwa wakati mmoja. Mwaka uliotangulia, tarehe 19 Julai 2024, faili moja la maelekezo kutoka kampuni ya usalama ya CrowdStrike lilizima kompyuta za Windows zinazokadiriwa kufika milioni 8.5, na baadhi ya viwanja vya ndege vikarudi kuandika pasi za kupandia ndege kwa mkono. Katika visa vyote viwili hapakuwa na programu mpya iliyosambazwa siku ile. Kilichosambazwa ni maelekezo.

Sifa inayouza kituo cha mipangilio, yaani kasi, ndiyo hatari yake. Kwa hiyo usikitumie bila breki. Nacos inaruhusu kutangaza mpangilio mpya kwa anwani chache kwanza. Tangaza kwa nakala moja, kunywa chai, ndipo utangaze kwa wote. Inatunza pia historia ya mabadiliko, kwa kawaida siku 30, na kurudi kwenye ya jana ni kubonyeza tu. Na nenosiri la hifadhidata lisikae wazi kwenye mbao za matangazo. Kampuni zote kubwa za wingu zina sanduku maalumu la kutunza siri na funguo. Kituo kibaki na jina la siri, sanduku libaki na siri yenyewe.

Kupangisha mtendaji

Mpaka hapa tumeeleza daftari na mgambo. Neno lililobaki ni injini inayosimamiwa. Nacos ni bure. Unaweza kuipakua leo ukaiweka kwenye seva zako mwenyewe. Ukifanya hivyo, wewe ndiye mtendaji: unanunua seva tatu, unaweka hifadhidata ya nyuma yake, unafuatilia matoleo mapya, na diski ikijaa saa nane usiku simu inayoita ni yako. Injini inayosimamiwa ni kumpangisha mtendaji kutoka kwa mwenye wingu. Alibaba Cloud wana huduma yao iitwayo MSE, Huawei Cloud wana CSE, na zote mbili hukupa Nacos iliyokwisha kupikwa. Amazon wameigawa kazi: Cloud Map kwa anwani, AppConfig kwa mipangilio. Microsoft wana App Configuration.

Je, kupangisha kuna maana? Angalia kisa cha mchezo wa Roblox. Tarehe 28 Oktoba 2021, wakiwa na wachezaji wapatao milioni 50 kwa siku, rejista yao, iliyojengwa kwa programu ya Consul na kuendeshwa na wao wenyewe, ilianza kulemewa. Walikuwa na seva zaidi ya 18,000. Walikuwa na wahandisi hodari, na waliotengeneza Consul walikuja kuwasaidia. Iliwachukua saa 73 kurudi hewani. Sehemu ya ucheleweshaji inachekesha ikiwa haikuhusu: mitambo yao ya kufuatilia matatizo nayo ilikuwa inategemea rejista hiyohiyo iliyougua, kwa hiyo walikuwa wanatafuta ugonjwa huku taa imezimwa. Kama hao walihangaika saa 73, timu ya watu watano pale Kijitonyama ina sababu nzuri ya kulipa mtu mwingine.

Hata hivyo usinunue amani ya moyo kupita kiasi. Tulichoanza nacho, ukurasa mtupu wa Oktoba 2025, kilitokea kwa mwenye wingu mwenyewe. Na dhana ya tatu, "nimelipia, usalama ni juu yao," ni nusu tu ya ukweli. Wao wanalinda ofisi, kabati na mlango. Nani umempa ufunguo, na umeandika nini ndani, ni juu yako. Mwaka 2021 lilitangazwa tundu katika Nacos za kabla ya toleo 1.4.1: aliyejitambulisha katika ombi lake kwa jina la Nacos-Server aliruhusiwa kupita bila nenosiri, hata kama ulinzi umewashwa. Yaani mtu anabisha hodi, anasema "mimi mwenzenu," anafunguliwa. Mwenye wingu atakuwekea toleo lililorekebishwa. Hatakuzuia kuifungua rejista yako kwa dunia nzima ukiamua.

Kuiweka yenyewe

Kazi ya kubonyeza haizidi nusu saa. Maamuzi ndiyo yanayotaka kichwa, na la kwanza ni kanda. Weka rejista palepale huduma zako zilipo. Hili kwetu ni la uzito wa pekee, kwa kuwa kampuni nyingi kati ya hizi kubwa zimeweka kanda zao za karibu nasi Afrika Kusini, Johannesburg au Cape Town. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini na intaneti ikawa ya kusuasua Tanzania, Kenya na majirani. Fikiria seva zako ziko Dar es Salaam na rejista iko ng'ambo ya mkongo uliokatika: huduma zako zote ziko hai, zinaonana, ila daftari linazihesabu kuwa marehemu. Huduma zikikaa Dar, daftari likae Dar, hata kama itabidi uliendeshe mwenyewe.

Kanda ikishachaguliwa, unachagua mtandao wa ndani ambamo huduma zako zinaishi, na rejista unaipa anwani ya ndani pekee. Utaona kisanduku cha kuipa anwani ya intaneti ya wazi. Kiache. Kama ni lazima kwa majaribio, ruhusu anwani ya ofisini kwenu tu.

Ukubwa: kwa kujifunza, seva moja inatosha na ndiyo rahisi. Kwa kazi ya kweli chukua tatu, zitawanywe kwenye majengo tofauti ya kanda hiyo, jambo ambalo mwenye wingu hukufanyia ukichagua daraja linalofaa. Toleo liwe la pili au la juu zaidi.

Hapa kuna mtego unaokula siku nzima za watu. Nacos husikiliza kwenye mlango namba 8848, namba ambayo wapenda milima wataitambua kuwa mita za Everest. Lakini toleo la pili lina mlango mwingine wa kile kushikana mikono nilichokieleza, na namba yake ni ile ya kwanza ukiongeza 1000, yaani 9848. Katika toleo hilo la pili, ukifungua 8848 peke yake kwenye ukuta wa mtandao, ukurasa wa usimamizi utafunguka vizuri, utafurahi, halafu huduma zako zitakataa kuungana. Fungua yote miwili.

Kisha gawa vyumba. Nacos hukuruhusu kutenga nafasi zisizoonana: kimoja cha majaribio, kimoja cha kazi ya kweli. Usizichanganye hata kama mko wawili tu. Oda ya majaribio ikilipata jina la malipo ya kweli kwenye daftari, italipiga, na mteja halisi atakatwa pesa halisi. Ndani ya chumba kuna makundi, na ndani ya kundi kila faili la mipangilio lina jina lake. Washa ukaguzi wa nenosiri, tengeneza akaunti moja kwa kila huduma, na anayesoma asipewe ruhusa ya kuandika.

Upande wa programu ni mistari michache. Kwa wanaotumia Java na Spring, unaongeza maktaba mbili za Nacos, moja ya rejista na moja ya mipangilio, unataja anwani ya injini, jina la chumba na jina la huduma. Go, Python na lugha nyingine nazo zina maktaba zake.

Kama tayari una rejista ya zamani, usihamishe wote kwa siku moja. Zindua mpya, huduma zijiandikishe kwenye zote mbili kwa muda, hamisha waulizaji kidogokidogo, ya zamani iwe ya mwisho kuzimwa. Ile Oktoba 2025, hata baada ya DynamoDB kurudi, sehemu nyingine za wingu lile ziliendelea kuyumba kwa saa nyingi, sababu mojawapo ikiwa seva nyingi mno zilizotaka kuandikishwa upya kwa mkupuo. Mlango mmoja haupitishi harusi nzima.

Wapo pia ambao hawahitaji lolote kati ya haya. Kama huduma zako zote zinaishi ndani ya klasta moja ya Kubernetes, yaani kundi la kompyuta ambalo programu hiyo huliendesha kama kitu kimoja, humo tayari mna daftari la majina na mahali pa kuweka mipangilio. Injini ya pembeni inakuwa na maana pale baadhi ya huduma zinapoishi nje ya klasta, au klasta zikiwa nyingi, au timu ikitaka kubadilisha mipangilio na kuitangaza kwa awamu bila kugusa klasta. Na kama una programu moja na hifadhidata moja, wewe bado ni Mangi. Uza sukari.

Kwa wanaoendelea, kabla wateja hawajaingia, fanya jaribio hili kwenye chumba cha majaribio, mchana, watu wote wakiwepo. Ua nakala moja ya malipo kwa ghafla, bila kuaga, na uhesabu sekunde mpaka jina lake litoke kwenye daftari. Halafu funga milango ya 8848 na 9848 kwa dakika kumi. Oda na malipo zinatakiwa ziendelee kuzungumza kwa orodha zilizo kibindoni. Sasa zima huduma moja na uiwashe tena huku milango ikiwa bado imefungwa, uone inakwama wapi na inalalamika kwa maneno gani. Yaandike maneno hayo mahali ambapo aliye zamu usiku atayakuta, na mahali hapo pasiwe ndani ya kituo cha mipangilio.